Alama Mbili kwa Kila Swali

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Uhakiki wa Nyaraka iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu kazi yote inayofanyika ndani ya jengo lake itapimwa, itachambuliwa na kuboreshwa, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka haitabaki kazi hata moja ambayo haijaboreshwa. Tangazo lilibandikwa langoni, kwenye lifti iliyokufa, na nyuma ya milango ya vyoo, kwa kuwa utafiti wa awali ulishaonyesha kwamba huko ndiko watumishi husoma kwa utulivu zaidi.

Kama hujawahi kufika idara hiyo, shukuru. Kazi yake ni moja tu. Hakuna fomu inayokwenda popote, iwe ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kiwanja au ya mirathi, kabla haijagongwa muhuri wa IMEHAKIKIWA. Madirisha ya kuhudumia wananchi yako sita, na yanayofunguka ni mawili.

Dirisha namba nne alikaa mama mmoja wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Mama Maswali. Jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu alikuwa na tabia mbaya ya kusoma fomu kabla ya kuigonga muhuri, na akishasoma, anauliza. Baba, hapa umeandika mkeo alizaliwa baada ya mtoto wake, ndivyo ilivyokuwa? Dada, kiwanja ni chako au cha jirani, maana namba uliyoweka ni ya jirani? Watu walijikuna vichwa, wakacheka, wakasahihisha palepale, wakagongewa muhuri, wakaenda zao na hawakuonekana tena.

Hilo la kutoonekana tena ndilo lililomponza.

Idara ilimtafuta mtaalamu wa kupima kazi. Sifa zilizotakiwa zilikuwa nyingi, lakini ya lazima ilikuwa kumiliki saa ya kupimia mbio, na katika waombaji wote aliyekuwa nayo ni mmoja, mwalimu wa riadha ambaye shule yake ilifuta riadha. Akaajiriwa siku hiyohiyo, na watumishi hawakuchelewa kumpachika jina la Bwana Sekunde. Alibeba kiti chake, akakaa wiki nzima nyuma ya dirisha namba mbili, wiki nzima nyuma ya dirisha namba nne, filimbi shingoni kwa mazoea, akiandika kila kitu.

Taarifa yake ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini. Ilisema dirisha namba mbili, la karani anayeitwa Umeme, huhudumia wateja mia na themanini kwa siku, na dirisha namba nne wateja thelathini na mmoja. Zaidi ya hapo, wateja wa Umeme wanampenda. Mteja wake wa kawaida hurudi mara nne hadi sita, wengine wakiwa na fomu ileile, jambo linaloonyesha uaminifu mkubwa kwa huduma. Mteja wa dirisha namba nne, kinyume chake, akishahudumiwa mara moja haonekani tena. Mtaalamu alishindwa kupata maelezo mengine isipokuwa kwamba watu hao huondoka wakiwa wameudhika.

Kwa nini wa Umeme walikuwa wanarudi, mtoto wa darasa la pili angekwambia. Umeme alikuwa hasomi. Alikuwa anagonga tu, na ofisi ya mbele, fomu inakopelekwa baada ya muhuri, ikiona kosa inamrudisha mtu kwenye foleni, anagongewa tena, anarudishwa tena, na kila akirudi anahesabika mteja mpya. Lakini mtoto wa darasa la pili hakualikwa kwenye kamati.

Kamati iliketi siku tatu chini ya uenyekiti wa Mkurugenzi mwenyewe, mtu mnene wa sauti na mwepesi wa tabasamu. Ikagundua kwamba swali moja la Mama Maswali huchukua sekunde kumi na tisa, na jibu, kwa kuwa wananchi hawana nidhamu, sekunde hamsini. Ikaamua kwamba swali ni dalili ya mtumishi asiyeijua kazi yake. Waraka ukatoka. Kila mtumishi atapewa alama mia moja. Kila swali atakalomuuliza mteja litamkata alama mbili. Atakayeshuka chini ya hamsini atahamishiwa Hazina ya Rasilimali Watu.

Jina zuri, sivyo? Hazina yenyewe ilikuwa benchi la mbao kwenye korido ya chini, jirani na vyoo. Aliyepelekwa huko alisaini mahudhurio asubuhi, akakaa hapo hadi saa za kazi ziishe, akisubiri kupangiwa majukumu. Aliyekuwa mkuu wa masijala alikuwa na mwaka wa pili benchini. Majukumu pekee aliyowahi kupata ni kuwaelekeza wageni choo cha wanaume kiko upande gani.

Mama Maswali aliliogopa benchi lile kama anavyoogopa nyoka. Alisema hivyo waziwazi nyumbani, jioni, akimweleza mumewe, fundi cherehani, ambaye alikuwa ameinamia suruali ya mtu. Hakuogopa kazi. Aliogopa kukaa miaka mitatu iliyombakia akiangaliwa na watu wanaokwenda kujisaidia, hadi astaafu bila mtu kukumbuka alikuwa anafanya nini. Mumewe aliacha kukanyaga cherehani akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi nampima mtu ili nguo imkae," alisema. "Hao wanakupima ili wakukate. Kaa kimya, mama watoto. Gonga muhuri wao, urudi nyumbani."

Akajaribu, maskini. Wiki ya kwanza ulimi ulimponyoka mara kumi na tano. Wiki ya pili mara tisa. Wiki ya tatu alibuni mbinu ya kuinua nyusi tu, na mteja mwerevu akaelewa akasahihisha. Bwana Sekunde akaliwasilisha suala hilo kwenye kamati, nayo ikaamua kwamba nyusi ni nusu swali, alama moja. Alibaki na hamsini na moja. Umeme, kwa taarifa yako, alikuwa na mia moja kamili na picha yake ilitundikwa mapokezi.

Tangu hapo Mama Maswali akafunga mdomo. Akaja bibi mmoja mjane na fomu ya mirathi, ameandika mwaka wa kifo cha mumewe ambao ulikuwa bado haujafika. Mama aliuona. Aliuma meno, akagonga. Ofisi ya mbele ikamrudisha bibi, ikimweleza kwa heshima kwamba kwa mujibu wa fomu marehemu bado ana miezi minane ya kuishi. Bibi akarudi. Safari hii hakuweka sahihi. Mama aliona, akagonga. Akarudi mara ya tatu, viatu vimejaa vumbi, hata salamu hana nguvu ya kuitikia. Siku hiyo Bwana Sekunde alimpongeza mama mbele ya wenzake kwa kupata mteja mwaminifu wa kwanza. Mama alishukuru kwa sauti ndogo. Alijiona mwizi.

Basi ikafika Siku ya Tija. Katibu Mkuu wa wizara, mama mmoja mwenye maneno machache na ratiba ndefu, alikubali kuja kujionea. Mkurugenzi alikuwa na sababu yake ya kufurahi kuliko wote. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika, naye alitaka aongezewe miaka mitatu, kwa unyenyekevu tu, ili akamilishe maboresho. Akapanga kuonyesha ufanisi kwa kutumia fomu yake mwenyewe, hadharani, wapiga picha wakishuhudia. Na ili ionekane hata dirisha lililokuwa bovu limetengemaa, akachagua dirisha namba nne.

Fomu aliyoijaza ilikuwa tunda la maboresho hayohayo. Zamani kulikuwa na fomu nne tofauti: ya kuongezewa muda, ya kuhama, ya kustaafu na ya kuacha kazi. Kamati ilizichanganya zikawa moja, ukurasa mmoja, visanduku vinne vidogo vilivyobanana, unatia tiki unakotaka. Mpiga picha alikuwa amemshauri Mkurugenzi avue miwani kwa sababu inarudisha mwanga. Akaivua. Akatia tiki kwa madaha, akasaini, akaisukuma fomu chini ya kioo. Bwana Sekunde akabonyeza saa.

Mama Maswali akasoma. Kusoma kulikuwa kumemwingia kwenye damu, hakuweza kujizuia. Tiki ilikaa katikati ya kisanduku cha tatu: NAOMBA KUSTAAFU MARA MOJA.

Alijua mzee yule anataka nini, jengo zima lilijua. Alijua pia ana alama hamsini na moja, na swali moja litamfikisha arobaini na tisa na benchini. Akamfikiria yule bibi na viatu vyake. Akaona hawezi kufanya hivyo tena, hata kwa mtu huyu.

"Samahani Mkurugenzi," alisema, "hiki kisanduku ulichotia tiki..."

Mkurugenzi hakumwacha amalize. Aligeuza uso upande wa kamera, tabasamu likiwa palepale.

"Mama, hapa hatuulizi. Hapa tunahudumia. Gonga muhuri."

Mama akagonga.

Sekunde kumi na moja. Watumishi wakapiga makofi, Umeme akajikunja kidogo kwa wivu. Bwana Sekunde alitafakari, akaandika kwamba swali lililokatizwa na Mkurugenzi halihesabiki. Kwa utaratibu mpya wa fomu za watumishi, ofisi zote za kati zilikuwa zimefutwa na fomu ilihitaji sahihi moja tu ya mwisho, ya Katibu Mkuu, ambaye alikuwa amesimama hapohapo. Akaisoma. Akamtazama Mkurugenzi kwa mshangao kidogo, kisha kwa heshima, akasaini na kumshika mkono.

"Uamuzi wa kiungwana," alisema. "Wengi hung'ang'ania."

Mkurugenzi alidhani anasifiwa kwa zile sekunde kumi na moja. Akashukuru mara mbili.

Enzi zile kabla ya maboresho barua ya majibu ingechukua miezi minane, na katika miezi hiyo karani fulani angeuliza, mwingine angetilia shaka, faili lingepotea mahali salama. Sasa barua ilifika Jumatatu asubuhi. Ilimpongeza kwa utumishi uliotukuka na kumtaka akabidhi funguo kabla ya adhuhuri. Mlinzi alimsaidia kubeba picha zake za ukutani hadi langoni.

Jumanne alikuja na fomu ya malalamiko, akapanga foleni kama watu. Alianzia kwa Umeme, ambaye aligonga muhuri kabla karatasi haijatua mezani. Jumatano ofisi ya mbele ikamrudisha: hakujaza namba ya barua. Umeme akagonga tena. Alhamisi ikamrudisha: hajaeleza anachotaka. Hadi hapo alikuwa ameshahesabiwa wateja wawili waaminifu. Ijumaa akahamia foleni ya dirisha namba nne, akasimama saa mbili na nusu nyuma ya mtoto anayelia, na alipofika kwenye kioo jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Mama, niulize," alisema.

"Siulizi, mzee. Ni alama mbili."

"Niulize kama nilitaka kustaafu. Swali moja tu. Ukiniuliza nitajibu, wewe utaandika pembeni kwamba mhusika ameulizwa, na mambo yatakwisha."

"Natamani sana. Ila nimebaki na hamsini na moja."

"Hizo alama niliziweka mimi. Nakuruhusu uulize."

Mama Maswali alivaa miwani yake, akaugeukia waraka uliobandikwa ukutani, akaifuata kwa kidole aya ya mwisho, ile ambayo Mkurugenzi aliiongeza kwa kalamu yake ili madaraka yasimtoke.

"Imeandikwa kibali cha kuuliza kitatolewa na Mkurugenzi peke yake," alisema taratibu. "Na nafasi ya Mkurugenzi tangu Jumatatu iko wazi, mzee wangu."

Aliona raha kusema hivyo, tusidanganyane. Raha yenyewe haikudumu, kwa sababu mzee alishika ukingo wa dirisha na kidevu kikamtetemeka, na mama hakuwa na roho ya kumwangalia. Akamwomba asogee pembeni kidogo apishe foleni.

Aliyefuata alikuwa baba mmoja na fomu ya mtoto wake mchanga. Bwana Sekunde akainua saa. Mama alisoma fomu, akaishusha, akamtazama Bwana Sekunde muda mrefu. Karatasi ya alama husainiwa na Mkurugenzi kila Ijumaa mchana, na bila sahihi hiyo alama hazikatwi; Ijumaa hii hakukuwa na wa kuisaini. Bwana Sekunde alilitambua jambo hilo wakati uleule. Akaangalia saa yake, akaangalia mlango uliofungwa wa ghorofa ya juu, akaitia saa mfukoni.

"Baba," alisema mama, akivuta kiti mbele, "hapa jina la mtoto umeliandika kwenye mstari wa marehemu. Ni kalamu imeteleza, au kuna jambo?"

Yule baba aliruka kama aliyemwagiwa maji, akaomba kalamu. Mama akaendelea: na tarehe hii, na jina la mama yake, na hospitali. Mkurugenzi mstaafu alisimama pembeni, fomu mkononi, akayasikiliza maswali yote saba.