Simu ya Charles Iingizwe Jandoni

Makote, Newala

Kwa mwanangu Charles, Masasi.

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Uniwie radhi kwa kimya changu tangu korosho zilipoanza kuanguka. Kila nilipotaka kukupa habari za nyumbani, nilikuta umekwisha kuzitangaza mtandaoni.

Mimi, baba yako mkubwa, nina malalamiko yafuatayo:

1. Nilipougua tumbo, uliutangazia ulimwengu kwamba ninaharisha, ukaweka na ramani ya nyumba. Watu wa Chilangala nisiowajua walinitumia pole, pamoja na bei ya dawa zao.

2. Tulipokaa faragha kuijadili posa ya binti yangu Cecilia, ulirekodi. Video ikafika Lukuledi kwa wazazi wa mchumba wake, Emmanuel, wakasikia sauti ikisema kwamba jogoo waliyemleta amefikia umri wa kustaafu. Wamesitisha harusi mpaka msemaji aombe radhi, na Cecilia hali chakula. Namshukuru Mungu ulirekodi miguu yetu tu. Wanaamini aliyesema ni shemeji Bartholomayo, naye, kwa kuwa hasikii vizuri, hajakanusha.

3. Nilipokukemea, ulinijibu kwamba siku hizi watu wanaishi wazi. Hata choo kilichong'oka mlango kiko wazi, Charles, na sijasikia kikisifiwa.

Nimekitafuta chanzo, nimekipata. Wewe ulipita jandoni. Ulifundishwa la kusema ndani na la kusema nje, na hadi leo hata mkeo hajui mliyoambiwa kule. Simu yako haikupita. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, iletwe Makote, ikae kambini mwezi mzima bila chaji, ngariba aiondolee kamera, kisha itoke na jina jipya. Simu nyingine za ukoo zifuate kwa umri.

Nisalimie mkeo Ethel, watoto, na wote mnaokipiga picha chakula kabla ya kukiombea. Wazee tukishaamua siku ya kuiingiza, nitakuandikia.

Baba yako mkubwa,
Mwalimu Edmund (mstaafu)

N.B. Ili usije ukadai hukuipata barua hii, jirani yangu Yuster ameipiga picha na kuiweka kwenye kundi la ukoo. Sikujua kwamba ulikwisha kumwingiza humo mama yake Emmanuel. Ameandika: "Kumbe ni wewe, Baba Cecilia! Karibu Jumamosi, uje na jogoo kijana. Na waliokusikia wote wakuone ukiomba radhi." Basi simu isije kambini kwanza. Njoo nayo Lukuledi, na safari hii usirekodi miguu.