Mashine ya Kusaga na Majirani Wenye Masikio

Jumatatu, tarehe 4

Andika, mkwe. Andika kama ninavyosema, usinipambe. Daktari kasema presha yangu inapanda kwa sababu naweka mambo kifuani. Mimi! Kuweka mambo kifuani! Basi kila jioni mke wa mwanangu atakuwa anapita hapa akitoka kazini, mimi naongea, yeye anaandika. Yeye kasoma. Mimi shule niliiona kwa nje nikipeleka maziwa. Haya.

Leo kaja bwana wa ofisi ya mji. Kijana, suruali imembana mpaka kuchuchumaa ni mtihani. Ana tepu. Kapima chumba cha mbele, kapima mashine yangu ya kusaga, kapima uchochoro, bado kidogo anipime na mimi. Nikampa jina pale pale: Bwana Tepu. Kasema kiwanja hiki kwenye ramani ni cha makazi. Nikamwambia ndiyo, si ndipo ninapokaa? Kasema sivyo, Bibi, ni cha kulala watu, siyo cha kusaga unga. Nikamuuliza hiyo ramani kachora nani, maana mimi na marehemu tulifunga mashine hii yeye bado ananyonya. Kaandika tu. Watu wa ofisini ukiwauliza swali zuri wanaandika.

Basi mambo ni mawili. Ama kiwanja kibadilishwe matumizi kiwe cha biashara, ama mashine ing'olewe. Na ili kibadilishwe, majirani wakubali kwanza. Jumamosi wanaitwa mkutanoni kunyoosha mikono. Siyo mtaa mzima, ni wale tu ninaopakana nao. Mwalimu mstaafu, ukuta kwa ukuta. Mama Pacha, huyo yuko nyuma. Na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Basi. Hatima yangu iko kwenye makwapa ya hao.

Bwana Tepu kachimbia ubao wa tangazo mbele ya mlango wangu. Mbao imara. Nimeshaanika chandarua.

Mashine ikiondoka nitakula nini? Na nitaongea na nani? Kila asubuhi wanawake wanapanga foleni na ndoo zao za mahindi, mimi nimekaa kwenye kigoda changu, habari zote zinapita kwangu kabla hazijafika redioni. Kuing'oa mashine ni kunifunga mdomo. Mkwe, unacheka nini?

Jumanne, tarehe 5

Nimeanza na Mwalimu maana ndiye mgumu. Nimempelekea unga. Laini! Unaweza kumpaka mtoto mchanga. Kaupokea kwa vidole viwili kama nimempelekea panya. Kasema ahsante Bibi, lakini sisi hapa tunatumia wa paketi. Wa paketi! Kalala ubavuni mwa mashine, halafu anakula unga uliopanda lori!

Nikameza. Nikamwomba kwa adabu, hizi chache nilizobakiza, aninyooshee mkono Jumamosi. Kasema mashine ikiwaka vikombe vyake vinacheza kabatini. Nikamwambia wenzake wanalipia burudani, yeye anapata bure. Kasema vumbi la unga linatua kwenye gari lake. Gari! Lile halijawaka miaka, kuku wangu wanatagia humo mama, binti na mjukuu. Basi, nikaaga. Unga wangu nimerudi nao.

Mama Pacha kasema atafikiria. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine anamvuta khanga, wote wanalia, sijui atafikiria na kichwa kipi.

Kinyozi kasema yuko na mimi bega kwa bega. Ila na Mwalimu pia yuko naye bega kwa bega, maana anamnyoa. Mtu huyu ana mabega mangapi?

Jumatano, tarehe 6

Nimeamka na akili!

Shida yangu ni moja, hawa watu wamenizoea. Wanasikia mashine asubuhi mpaka jioni, wamevimbiwa nayo. Dawa yao ni kuizima. Mpaka Jumamosi. Waikose! Watakuja hapa mbio wamebeba viatu mkononi.

Mkwe kauliza, mama, wataikosaje na wao hawasagi kwako? Nikamwambia kuna mtu wa kuandika na kuna mtu wa kufikiri, tusiingiliane kazi.

Nimezima. Wateja nimewaambia waende kwa yule mzee wa sokoni kwa siku hizi. Yule anasaga mahindi na mawe yake humo humo. Watarudi wameshika meno.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekaa kwenye kigoda tangu alfajiri kungojea wanaokuja mbio. Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Nimefagia chumba ambacho hakijachafuka.

Mchana kaja Mama Pacha. Kaleta ndizi mbivu, kichane kizima! Kashukuru mpaka machozi. Kasema leo pacha wote wawili wamelala mchana kwa pamoja, haijapata kutokea tangu wazaliwe. Kala amekaa. Kasuka nywele. Hata ugomvi na mumewe leo wameumaliza, siku zote walikuwa wanauachia katikati kwa kutosikilizana. Kasema, Bibi, kwa uamuzi huu, Jumamosi mkono wangu ni wako.

Unaona, mkwe? Unaona?

Halafu kinyozi. Kasema leo kamnyoa mtu masharubu na pande zote mbili zimetoka sawa, mwenye masharubu haamini. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema yuko na mimi bega kwa bega, na safari hii hakumtaja Mwalimu.

Mpango unakwenda kama maji mtelemkoni. Ila nyumba, loo, imekuwa kimya mpaka nasikia friji inavyoguna. Foleni hakuna. Yule mwanamke mwenye binti anayeolewa, sijui kama mahari imelipwa. Sijui! Mji mzima unajua, mimi sijui! Nimemweleza paka mambo yangu. Kasikiliza kidogo, kaondoka.

Ijumaa, tarehe 8

Mwalimu kaja mwenyewe! Kachomekea shati, kofia mkononi. Nikamwacha asimame mlangoni kidogo ili uzito wa jambo umwingie.

Kauliza chumba cha mbele nimekipangia nini. Mimi siyo mjinga wa kutoa siri zangu, nikasema makubwa tu Mwalimu, biashara inapanuka. Macho yakamng'aa. Kasema labda vitabu na madaftari? Nikasema na vitabu vitaingia, nafasi ipo. Kasema mtaa ulikuwa unahitaji mama mwenye kuona mbali. Mimi huyo! Kasema basi na mkono wake niuhesabu. Nikamuuliza vikombe vinaendeleaje. Kasema vimetulia, vinanisalimu.

Hapo mkwe kaacha kuandika. Kasema, mama, hawa wanadhani mashine umeizima moja kwa moja. Kasema nenda kawaambie ukweli kabla ya kesho. Nikamwambia mkono ni mkono. Ukishanyooka haurudi. Andika hivyo hivyo.

Jumamosi, tarehe 9

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la chekechea. Viti vya watoto. Bwana Tepu na suruali yake ile kasimama mwanzo mpaka mwisho, na kila mtu alijua kwa nini.

Kasoma karatasi. Kauliza nani anaunga mkono kiwanja cha Bibi kiwe cha biashara. Mwalimu wa kwanza! Kidole juu kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama Pacha. Kinyozi. Wote! Bwana Tepu kasema imepita.

Mkwe alikuwa kanishika gauni nisisimame. Sasa, mtu umeshinda, utakaaje bila kushukuru? Nikasimama. Nikawashukuru mmoja mmoja. Nikamshukuru marehemu. Nikasema Jumatatu alfajiri mashine inawaka kama kawaida, na majaliwa yakiwepo naongeza na ya kukoboa.

Pacha mmoja kaanza kulia, wa pili kamfuata. Mama Pacha kasema, Bibi! Neno hilo moja tu, lakini lilikuwa refu.

Mwalimu kasimama. Kaomba iongezwe sharti kwenye karatasi: biashara iwe isiyo na mota. Mimi nikapiga kelele kwamba mkono ukishanyooka haurudi. Kasema kweli Bibi, haurudi, sisi tunanyoosha mwingine. Wakanyoosha. Kinyozi kanyoosha yote miwili, mnafiki yule, mabega yake yote yalionekana.

Kwa hiyo nimeshinda. Kiwanja changu sasa ni cha biashara. Biashara yoyote ninayotaka, isipokuwa ile niliyonayo.

Jumatatu, tarehe 11

Mafundi wameing'oa. Mwalimu kaja kushikilia mlango ili ipite vizuri. Moyo wa huruma ulioje! Kasema pole Bibi. Nikamwambia mayai ya kwenye gari lake ni yangu, asiyaguse.

Sakafuni zimebaki alama za miguu minne ya mashine. Pembeni yake unga mweupe wa miaka yote. Mkwe kataka kufagia. Nikamwambia aache.

Jumatano, tarehe 13

Leo siandikiwi nyumbani kwangu, naandikiwa kwa mwanangu. Mashine tumeifunga huku, kwenye banda la uani mkwe alikokuwa anafulia. Yeye leo anaandika kwa nguvu, kalamu inatoboa karatasi. Atazoea.

Mtaa mzuri! Watu waungwana. Wa kushoto ni muuguzi wa zamu ya usiku, mchana kutwa kalala, kwa hiyo hatapata muda wa kutusumbua. Wa kulia ni mzee anayefundisha watoto kupiga kinanda, kelele huyo kashazizoea. Sikuwaomba ruhusa. Kuomba omba ndiko kunakowapa watu mawazo.

Tumewasha saa kumi na mbili. Kufika saa moja foleni ya wateja wangu wa kule ilikuwa imefika getini, nimepata habari za wiki nzima! Mahari imelipwa nusu. Presha yangu nahisi imeshuka yenyewe.

Nimemuuliza mwanangu kiwanja hiki kwenye ramani ni cha nini. Kasema makazi. Nikamwambia asihangaike, njia tunaijua. Akija mtu na tepu tunaizima kwanza, majirani waikose, halafu tunawaita kwenye mkutano. Kule kwangu nilikosea jambo moja tu: niliizima siku chache mno, hawakupata muda wa kuikosa. Safari hii nitaizima mwezi mzima.