Geti Letu Lilivyokwenda Harusini

Jumatatu, 4 Agosti
Harusi ya Aya wangu ni Jumamosi. Mtoto kaomba kitu kimoja tu: atoke Buyenzi kwa gari la marehemu baba yake. Baba hayupo, basi gari lake limpeleke. Nikalia. Nikaenda kuliangalia gari. Nikalia tena. Mlango wa nyuma umeliwa na kutu. Kuku wa jirani anaingiza kichwa na kutoa.

Wifi Ruqaya kapita. Kasema tusihangaike, gari lake jipya lipo. Kasema kwa huruma. Huruma yake naijua! Tutaisikia mpaka Aya apate wajukuu.

Jumanne, 5 Agosti
Rachidi, fundi bodi, ana kazi nyingi. Kaniazima mkasi wa bati na mashine ya riveti. Kasema nikate kutu yote mpaka nifikie chuma kizima, ndipo nibandike bati jipya. Rahisi!

Nimekata. Chuma kizima sikukiona. Nilichokiona ni kiti.

Jumatano, 6 Agosti
Bati sina. Lakini asubuhi nimegonga geti letu kwa kidole. Chuma safi! Na kila siku napita hapo kama kipofu. Nimekata kipande cha katikati, kile chenye maandishi mekundu: IMBWA KALI. Imbwa mwenyewe alikufa zamani, maskini, na hakuwahi kumuuma mtu. Tundu nimelifunika kwa kitenge. Geti limependeza kuliko mwanzo.

Alhamisi, 7 Agosti
Riveti. Mastiki ya kuzibia nyufa. Kidole gumba changu. Lakini kipande kimekaa! Mlango haufunguki kutoka ndani. Si neno, bibi harusi hufunguliwa.

Aya kauliza kitenge cha nini getini. Nikasema mapambo. Akanikumbatia.

Ijumaa, 8 Agosti
Rangi ya gari sikupata. Imebaki ile ya maji tuliyopaka ukutani saluni, pale tunapokaribisha wageni. Nyeupe, kama gari. Nimepaka mpaka maandishi yamepotea. Rachidi kaja baada ya swala, kaigusa, kanusa kidole. "Mama Aya, hii ni ya ukuta." Nikamwambia mlango nao ni ukuta mdogo. Kasema basi isiguse maji. Apana! Mwezi huu wa kiangazi, maji yatoke wapi?

Jumamosi, 9 Agosti
Gari limetoka linang'aa. Vigelegele! Alhamdulillahi.

Tumefika Kinindo, kwao bwana harusi. Mama mkwe wa Aya, Bi Nafisa, katupokea na wanawake wake, ubani mkononi, mirashi imejaa marashi. Jinsi walivyotupenda! Wakamnyunyizia Aya dirishani, wakanyunyizia mlango, wakarudia. Ruqaya kachukua mrashi kusaidia. Kasaidia sana.

Rangi ikashuka kama maziwa. Ikatoka herufi moja. Halafu zote. IMBWA KALI, na juu yake, dirishani, mtoto wangu na hina yake.

"Wifi, si geti lenu hili?" Ruqaya huyo, kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

Nikaona harusi inarudi Buyenzi. Aya akachungulia, akasoma. Akabweka! Kidogo tu, kwa adabu.

Bi Nafisa kacheka mpaka kashika gari. Kasema afadhali sisi tumewaambia mapema, wakwe wengine huleta bibi harusi mkali bila maandishi.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba kimya bila Aya. Mbuzi wa jirani kala kitenge, kaingia kwa tundu la geti. Rachidi kasema nisiguse kitu, atakuja mwenyewe kuziba.

Aje kufanya nini, na mi nina uzoefu sasa? Nimeitazama boneti ya gari. Chuma kipana, kizuri. Na injini kiangazi hiki inataka hewa.

Mkasi bado ninao.