Mkubwa wa Darasa la Kikorea

Jumatatu, 5 Mei
Nimeanza Kikorea. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili hapa Kasulu hadi nikastaafu. Leo nimerudi dawatini, katika darasa la watu wazima la chuo kikuu. Sababu ni moja. Mwisho wa mwezi mwanafunzi mmoja atapelekwa Korea, bure kabisa. Mmoja tu! Mwanafunzi huyo ni mimi. Wenzangu bado hawajaarifiwa.

Mwalimu wetu ni Akimana, aliyesoma hukohuko Korea. Ngeli za nomino alizijua kwangu, darasa la tano. Leo kanisimamisha nisome ubaoni, nirudie, nirudie tena. Kwa heshima zote, lakini nirudie. Lugha yenyewe si mbaya. Kitenzi huja mwisho wa sentensi, kama mzee wa ukoo anayechelewa kikao kwa makusudi. Herufi ni vijiti na viduara. Nimezielewa zote, isipokuwa zile zilizoandikwa.

Mkosi: Abdalah naye kajiandikisha! Abdalah wa duka la vitenge, ambaye mama yake alitoka Tanga, basi hudhani yeye Kiswahili alinyonya na mimi niligawiwa. Kaingia, kaniita "Mwalimu Leonidasi, ndugu yangu", kisha kakaa kwenye kiti changu.

Jumatano, 7 Mei
Somo la utamaduni. Habari njema kupita kiasi! Akimana anasema Wakorea wakikutana huulizana umri mapema, maana hata mwaka mmoja una uzito. Mkubwa husalimiwa kwanza. Mkubwa hukaa mahali pa heshima. Mezani hakuna anayegusa chakula mpaka mkubwa aanze. Nikapiga hesabu. Mkubwa kwanza katika salamu, mkubwa kwanza katika chakula. Katika ndege je?

Akauliza mkubwa wa darasa ni nani. Nikasimama. Abdalah akasimama. Akadai kwamba mimi nikiwa kwenye mbeleko, yeye alikuwa anachunga mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi hao ndio walikuwa wanamchunga yeye. Darasa likacheka mpaka Akimana akagonga meza. Kaamua mkubwa athibitishwe kabla ya karamu ya darasa, Jumamosi ya wiki ijayo. Atakuja profesa kutoka Korea, naye ndiye atakayechagua msafiri.

Uthibitisho uko wapi? Cheti Abdalah hana, cheti sina. Wote tulizaliwa Makere, baba yake alipokuwa na kiduka kule, na wote tuliambiwa ulikuwa mwaka wa mvua nyingi.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepanda bodaboda mpaka Makere kwa Bibi Mpawenimana, mkunga wa zamani aliyetupokea sote wawili. Umri wake mwenyewe hakuna aujuaye. Nikamwamkia "Mwakeye", nikaweka sukari na ugoro mbele yake, nikamweleza shida yangu. Akanusa ugoro. Akauliza nataka kukua kwa kiasi gani. Nikasema mwaka mmoja unatosha. Mimi si mlafi.

Jumatatu, 12 Mei
Ushindi! Bibi kaja darasani, wote tukasimama. Kasema kwa Kiha, Akimana akafasiri: mimi nilitangulia, Abdalah akaja mvua za mwaka uliofuata. Abdalah akauliza, Bibi anakumbukaje baada ya watoto wote wale? Bibi akaninyooshea kidole: "Kichwa hiki nitakisahauje? Mama yake alinishika mkono mpaka leo unauma."

Sikupenda jinsi lilivyosemwa, lakini ushahidi ni ushahidi. Abdalah kainama mbele yangu, Kikorea kabisa, akaniita kaka mkubwa. Yule mtu hajawahi kushindwa kwa upole namna ile. Nimelipuuza.

Alhamisi, 15 Mei
Akimana katukumbusha kwamba mezani vijiko vitakuwepo. Hata Wakorea hula wali kwa kijiko. Nikatangaza mbele ya wote kwamba mkubwa wao ataanza kwa vile vijiti viwili vya kulia vya Kikorea. Sasa nafanya mazoezi nyumbani kwa spoku mbili za baiskeli na bakuli la maharage. Mke wangu, Theodosia, kauliza maharage yamenikosea nini. Moja limeingia kwenye chai yake. Nimemweleza kwamba hilo ndilo lililokusudiwa.

Jumamosi, 17 Mei
Karamu. Wanawake wa mtaa, Theodosia akiwamo, wamepika pamoja na Akimana: kuku, wali, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na tambi zilizotengenezwa kwa viazi vitamu. Kwetu kiazi hubaki kiazi. Hizi zinateleza kama kambare!

Profesa akainama. Nikaketishwa mahali pa heshima. Macho yote kwangu. Nikashika vijiti vya chuma, nikabana tambi. Ikashuka. Nikabana nyingine. Ikashuka. Nikajaribu kuku, akarukia upande wa profesa. Hakuna aliyeweza kula. Hata profesa alingoja, mikono magotini. Mchuzi ukaganda. Tumbo la mtu likanguruma kwa sauti.

Abdalah akasema, taratibu, kwa adabu ya kuchukiza: "Usijiharakishe, kaka mkubwa. Sisi wadogo zako tupo."

Kijiko kilikuwa karibu na mkono wangu. Kukishika? Baada ya tangazo la Alhamisi? Kamwe!

Ndipo Theodosia akatoka jikoni, akachota wali kwa mwiko, akasimama nyuma yangu. "Fungua mdomo, baba Claude. Watu wana njaa." Nikafungua. Darasa zima likapumua na kuvamia sahani. Abdalah akazunguka akimimina chai kwa mikono miwili, kwa profesa na kwangu, kama mdogo apasavyo. Profesa alimtazama sana.

Jumatatu, 19 Mei
Jibu la profesa limesomwa. Anasema mkubwa wa darasa ni hazina, na hazina haitikiswi angani safari ndefu namna ile. Mkubwa hukaa, mdogo hutumwa. Kwa hiyo ananitumia mdogo wangu, Abdalah, akaione Korea kwa niaba yangu. Kisha nikaombwa, kama mkubwa, nitoe baraka.

Nimezitoa. Kwa mikono miwili.

Jumatano, 28 Mei
Stendi ya Kasulu. Abdalah kavaa suti. Mbele ya abiria wote kainama hadi tai ikagusa vumbi, akauliza kaka mkubwa aletewe nini. Watu wakapiga makofi. Theodosia akajibu kwa niaba yangu: kijiko.

Basi lilipoondoka, Akimana kanieleza kwamba mwakani ipo nafasi nyingine. Nikamuuliza kama bado mkubwa hukaa na mdogo hutumwa. Akasema mila haibadiliki.

Nilikuwa Makere kabla ya saa sita. Bibi Mpawenimana aliniona kwa mbali, nikiwa na sukari na ugoro, akaweka ungo chini. "Leo tunakua au tunapungua?"

Nimemwambia tupungue. Miaka mitano tu. Mimi si mlafi.