Ombi la Kumwondoa Mama wa Kwenye Kona ya Skrini

Jeylani Abdijabar,
Mfanyabiashara wa Mifugo,
Nyuma ya Soko la Mifugo,
Kitengela.

Kwa Mwalimu Muthoki Maweu,
Mtayarishaji wa Video za Sayansi za "Maabara Mfukoni".

Mwalimu Mheshimiwa,

MINT: KUONDOLEWA KWA MAMA ANAYEZUNGUMZA KWA MIKONO, KABLA YA JUMAMOSI IJAYO

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima, mifugo ni mizima, na mke wangu Saado ni mzima kupita kiasi, jambo nitakalolieleza katika lalamiko la pili.

Hatujuani. Mimi ni baba yake Samsam, msichana wa miaka kumi na mitano, gredi ya tisa katika shule ya viziwi hapa Kitengela. Samsam hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Muhula uliopita mwalimu wake alijaza simu yangu kwa video zenu, themanini na nne kwa jumla, akanieleza kwamba zimetengenezwa ili kila mwanafunzi aweze kuzifuata. Zina picha, zina maandishi ya Kiswahili chini, na kwenye kona kuna mama mwenye blauzi nyeusi anayefafanua kila kitu kwa ishara. Nilishukuru sana. Nilidhani mtoto amepata kitu cha kumshughulisha jioni ili nisikilize habari kwa utulivu.

Sasa naomba kwa unyenyekevu huyo mama aondolewe. Sina ubaya naye, na bila shaka ana familia inayomtegemea. Lakini tangu aingie nyumbani kwangu sijapata raha, na nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari ili usije ukasema ni hasira tu.

1. Meno yangu. Kama wengi tuliolelewa kwa maji ya visima vya chumvi, nina madoa ya kahawia kwenye meno. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikimlaumu mwenye nyumba wangu, Bwana Ndung'u, kwa sababu ya kisima chake. Kila mwisho wa mwezi nilimwonyesha meno, naye akaona haya, tukaendelea kuishi vizuri. Mwezi jana, mbele ya wageni, Samsam alikuja akasimama mbele yangu akaniashiria nicheke. Mwalimu, ni mara chache mtoto wa umri huo kumwomba baba yake acheke. Nilicheka kwa furaha, nikafungua mdomo wote. Kumbe alikuwa ananihesabia madoa. Aliandika kwenye daftari na kumwonyesha kila mtu, Ndung'u akiwemo, kwamba floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima, hutia meno doa yakiwa bado yanajiunda ndani ya fizi, yaani utotoni, na kwamba mimi nilifika Kitengela nikiwa mtu mzima mwenye meno yote. Kwa hiyo kisima cha Ndung'u hakina hatia kwangu. Anayepaswa kuangaliwa, aliandika, ni mdogo wake Nasro, mwenye miaka mitatu. Tangu siku hiyo Nasro anakunywa maji ya mvua, Ndung'u anatembea kifua mbele, na mimi nimebaki bila lalamiko nililolitunza kwa miaka kumi na moja.

2. Mke wangu anasoma. Saado hakwenda shule. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini, barua zote zilizofika nyumbani nilizisoma mimi kwa sauti. Nakiri kwamba nilikuwa nafupisha. Barua ya ukurasa mmoja nilimsomea kwa sentensi mbili, na zile ambazo hazikuwa na maana kwangu sikumsomea kabisa. Utaratibu huu ulitufaa. Lakini Saado alianza kukaa na Samsam kutazama video, akiyafuata yale maandishi ya chini polepole, neno baada ya neno, huku Samsam akimwonyesha kwa kidole. Alianza na "maji". Akaja "moyo". Kufikia video ya hamsini alikuwa anasoma "usagaji wa chakula" bila kusimama. Wiki iliyopita alifagia chini ya godoro langu akapata barua ya shule ambayo sikuwa nimemsomea hata kwa sentensi mbili. Aliisoma yote. Halafu akanisomea mimi, kwa sauti, bila kufupisha. Yaliyomo utayaona katika lalamiko la tano, maana hata sasa yananitoa jasho.

3. Biashara yangu. Sisi wafanyabiashara wa mifugo tuliotoka kaskazini mashariki hatutaji bei kwa mdomo sokoni. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyopatana. Kidole hiki ni kiasi hiki, kufinywa kiganja ni kiasi kingine. Watu wamekuzunguka, wanakukodolea macho, na uso wako hausemi kitu. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kujua nimenunua fahali kwa bei gani.

Mwezi huu tulikuwa chini ya shuka na mwenzangu Isaak. Jua lilikuwa kali, nikakunja mikono ya shati. Gitonga, mwenye bucha, alikuwa amesimama kando akingoja ninunue ili nimuuzie yeye. Samsam naye alikuwa hapo. Sikujua kwamba video yenu ya thelathini na moja inahusu misuli na kano, na kwamba inaonyesha wazi jinsi kano za mkono zinavyotembea chini ya ngozi kila kidole kinapojikunja. Binti yangu alitazama mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko mpaka pale shuka ilipoanzia. Halafu akamgeukia Gitonga na kumwinulia vidole hewani. Bei yote, Mwalimu, mchana kweupe. Isaak alilia kwa kicheko. Siku hizi Gitonga akifika sokoni huuliza kwanza kama Samsam amekuja, ndipo anisalimie, na mimi nauza ng'ombe nikiwa nimevaa koti zito.

4. Nyumba yangu imejaa watu wanaocheka. Lalamiko hili ni fupi lakini ndilo linaloniuma, kwa hiyo niruhusu niliseme wazi. Zamani mimi na Samsam tulikuwa na ishara zetu tano: kula, lala, njoo, hapana na ng'ombe. Kwa muda wa miaka kumi na mitano niliona zinatosha. Sasa yeye ana maneno ya mapafu, ya umeme, ya mawingu, na amewafundisha mama yake na kaka yake, na hata Nasro anajua kuashiria "bakteria". Wakila chakula cha jioni mikono inaruka juu ya sinia, mtu anaashiria jambo, wote wanacheka mpaka wanapaliwa. Mimi nacheka pia, nikiwa nimechelewa, ili nisionekane mgeni. Nikiuliza wanacheka nini, Saado ananiambia ni kitu kidogo tu. Yaani sasa ni mimi ninayefupishiwa. Mke wa Ndung'u, Mama Waceke, aliniona nimekaa nje peke yangu akaniambia, "Baba Samsam, huyo msichana wako ako na akili mingi. Si ukae hapo karibu tu, atakufunza." Nilimjibu kwamba nilikuwa nje kwa sababu ya upepo.

5. Maonyesho ya Kajiado. Ile barua ya chini ya godoro ilisema kwamba Samsam amechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi mjini Kajiado, Jumamosi ijayo. Atawaonyesha majaji jinsi ya kujua uzito wa ng'ombe bila mizani, kwa kumpima kifua na urefu kwa utepe wa fundi nguo, kisha kupiga hesabu. Alilipata wazo hilo kwenye video yenu ya sitini na mbili. Nilimjaribu kwa fahali mwekundu. Kwa jicho langu la miaka ishirini na sita nilisema kilo mia tatu ishirini. Yeye akaandika mia mbili tisini na moja. Tulimpeleka fahali kwenye mizani kule Isinya, ikasema mia mbili themanini na nane. Nilisema mizani ni mbovu, lakini sikulisema kwa nguvu.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Barua inasema kila mtoto wa shule yao atasimama mezani pake na mzazi mmoja, na mzazi ndiye atakayewaeleza majaji kwa sauti kile mtoto anachosema kwa mikono. Saado alijitolea mara moja. Samsam alitikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi. Saado alimuuliza mara tatu, na mara zote tatu kidole kilikuja kwangu. Mwalimu, hebu fikiria. Kajiado nzima itakuwa pale, wakiwemo watu ninaowauzia ng'ombe. Mtoto atasema mambo ya maana kwa nusu saa, na mimi nitawageukia majaji niwaambie: kula, lala, njoo, hapana, ng'ombe.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa heshima zote:

Mama wa kwenye kona aondolewe katika video zote themanini na nne. Kwa hesabu zangu, Samsam akikosa kumwona kwa siku tisa atasahau, na maonyesho yatampita.

Kama hilo haliwezekani, basi afunikwe na ua, au picha ya mlima.

Maandishi ya chini yafutwe, au yaandikwe madogo sana, kiasi cha mke wangu kuhitaji miwani. Nitachelewa kumnunulia.

Video zirudishwe kwenye hali tuliyosomea sisi, ambapo mwalimu alizungumza haraka akiwa ameuangalia ubao, na aliyeelewa aliondoka na elimu yake kimya kimya bila kusumbua watu.

Na ikiwa serikali imeamua kwamba kano, floridi na uzito lazima vifundishwe kwa njia ambayo kila mtoto ataelewa, basi vifundishwe kaunti nyingine. Machakos wana nafasi. Sisi Kajiado tunaomba muda wa kupumzika mpaka wazazi wafikie pale watoto walipofika.

Natumaini utalipokea ombi hili bila chuki. Msalimie mama wa kwenye kona, mwambie mikono yake ni mizuri ingawa inatuvuruga. Wasalimie wapiga picha, anayeandika yale maneno ya chini, na wote wanaokula chumvi pamoja nawe hapo ofisini. Saado, Samsam, Nasro na kaka yao wanakusalimu, ila hawajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mzazi mwenye heshima na taabu,

Jeylani Abdijabar

Nyongeza: Sasa wanajua. Nilikwenda kuswali nikaiacha barua mezani, na kama nilivyokueleza, nyumba hii siku hizi ina watu wanaosoma. Nilirudi nikamkuta Samsam ameishika. Hakukasirika. Alisahihisha uzito wa fahali, ambao nilikuwa nimeukosea kidogo kwa faida yangu, halafu akachukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha: "Baba, sikukuchagua kwa sababu unajua ishara. Nilikuchagua kwa sababu unajua ng'ombe. Mambo mengine nitakuonyesha."

Kwa hiyo usimwondoe huyo mama. Mtoe kwenye kona, mweke katikati, ajaze skrini yote, maana macho yangu si ya kijana. Mwambie apunguze kasi. Nimekaa naye tangu alasiri na nimefikisha maneno kumi na manne, ingawa Samsam anasema mawili kati ya hayo nayatamka kama mtu anayefukuza nzi.

Kuna jambo moja nimelitafuta katika video zote themanini na nne na sijalipata, labda kwa kuwa si la sayansi. Majaji watakaponiuliza mimi ni nani, nataka niwajibu kwa mdomo na kwa mikono, ili na yeye asikie. Naomba mama anifundishe kabla ya Jumamosi jinsi ya kusema: huyu ni binti yangu.