Malalamiko Dhidi ya Jicho Langu la Kushoto

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Urembo na Afya.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kutufundisha sisi wasomaji namna ya kuishi na nyuso zetu. Mimi ni fundi saa. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii, kwenye kibanda kile kile chenye madirisha mawili, moja kulia na moja kushoto, na tangu nianze sijawahi kumwandikia mhariri yeyote. Hata siku mlipochapa kwamba saa za mkono zimepitwa na wakati, nilimeza mate nikanyamaza. Safari hii maji yamenifika shingoni, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Makala yenu sikuitafuta, ilinijia yenyewe. Mteja alileta saa ya ukutani ikiwa imefungwa kwa gazeti lenu, na nilipoifungua nikakutana na kichwa cha habari kinachoahidi macho ya kijana ndani ya siku tisini. Mwandishi wenu wa urembo, dada ambaye kwa picha yake haonekani kama amewahi kukunja uso hata akidaiwa, alieleza kuwa ngozi ya pembeni ya jicho ni nyembamba kuliko zote, kwamba tusiikune, tusikodoe macho juani, tulale chali, na kila jioni tupake ute wa yai uliopigwa pamoja na tango lililosagwa. Nikasoma mara mbili. Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa amepata mchumba, kijana mpima ardhi, na wazazi wa kijana walikuwa wamepanga kuja kujitambulisha baada ya miezi michache. Nikasema na mimi wasinikute nimechoka kama gunia.

Sasa hapa ndipo pa kutega sikio. Sisi mafundi saa tuna kile kioo kidogo cha kukuzia tunachokibana jichoni bila kukishika kwa mkono. Kinashikwa na makunyanzi. Jicho langu la kulia limejikunja kwa miaka yote hiyo likatengeneza kikombe kamili, kioo kikiingia hakitoki hata nikipiga chafya. Nikililainisha jicho lile, nimekwisha, nifunge kibanda nikauze maji. Kwa hiyo niliamua kama ambavyo fundi yeyote mwenye akili zake angeamua: la kulia nililiacha liendelee na kazi, la kushoto nikalipaka. Mke wangu alinitengenezea ule mchanganyiko jikoni kila jioni, akinipaka kwa kijiko, na mimi nililala chali siku tisini mfululizo kama maiti mwenye matumaini.

Siku ya tisini nikajitazama kwenye kioo cha kunyolea. Lahaula! Upande wa kushoto alikuwepo kijana wa miaka thelathini, na upande wa kulia babu yake. Tangu siku hiyo sina amani, na malalamiko yangu nayaorodhesha hapa chini.

1. Wateja. Wanaokuja kwa dirisha la kulia wananiita mzee na kuniachia saa zao bila hata kuomba karatasi. Wanaokuja kwa dirisha la kushoto wananiita dogo na kuniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Wiki iliyopita mama mmoja alileta saa ya marehemu baba yake kwa dirisha la kulia, akaja kuichukua kwa dirisha la kushoto, akakataa kata kata kuipokea. Alisema saa ile alimkabidhi mtu mzima na hawezi kuipokea kwa mtoto. Nilimwapia. Akanijibu kwamba vijana wa siku hizi tunaapa sana. Alikaa kwenye benchi tangu saa nne mpaka saa sita akimsubiri baba yangu, ambaye alifariki kabla sijaoa, na hatimaye ilibidi nitoke, nizunguke kibanda, nije kumkabidhi saa yake nikiwa nimemwelekezea shavu la kulia. Alinishukuru sana, akanishauri nimchunge yule kijana wangu.

2. Kitambulisho. Kitambulisho changu kiliisha muda, nikaenda kupiga picha mpya. Karani aliishika picha yangu, akaifunika nusu kwa kidole, akafunika na nusu ya pili, kisha akaniambia kwa upole kwamba fomu moja ni ya mtu mmoja. Nikaambiwa nirudi na mwenzangu.

3. Zahanati. Kuna foleni ya wazee na foleni ya watu wengine. Siingii hii wala ile bila zogo. Siku hizi nakwenda kiubavu kama kaa mpaka mlangoni kwa daktari, na juzi nimemkanyaga mjamzito. Namwomba radhi popote alipo.

4. Mke wangu. Hili naliandika kwa aibu. Mshona nguo wa jirani alimwita pembeni, akamwonya kuwa mtaa mzima unaona anavyotembea na kijana mdogo asubuhi peupe, na mume wake yule fundi saa masikini yuko kibandani anajikodolea macho. Nilitegemea mke wangu akasirike. Wapi! Alirudi nyumbani anaimba. Tangu hapo tukitoka lazima atembee kushoto kwangu, nikimuuliza anasema upande ule ndiko kuna upepo. Miaka ishirini na nane ya ndoa na leo naonewa wivu na nusu ya uso wangu mwenyewe, maana naapa jicho la kulia halipendi kabisa linavyoachwa.

5. Hili ndilo kubwa, na hayo mengine ningeyavumilia, maana wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakwe walikuja.

Walikuja Jumamosi, mvua inanyesha. Mshenga ambaye ndiye alipaswa kututambulisha alipata pancha njiani, na wewe unajua, Ndugu Mhariri, katika shughuli kama hii mtu hajitambulishi mwenyewe hata apewe nini. Mwenye nyumba hamuulizi mgeni ni nani, na mgeni hamuulizi mwenye nyumba, ni kukosa adabu. Tuliingia ndani kila mtu anajifuta uso kwa kitambaa, tukaketi, tukazungumzia mvua, mke wangu na binti wakiwa jikoni. Kushoto kwangu alikaa mzee wa heshima, shavu limekunjamana kama bahasha iliyolowa, bila shaka babu wa kijana. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita, akaniita kijana wangu. Kulia kwangu alikaa mama wa kijana. Yeye alinipa shikamoo mimi. Baba wa kijana mwenyewe hakuja. Niliona ni dharau, lakini mimi ni mtu wa kusamehe.

Mshenga alifika wageni wameshaondoka. Jumatatu akarudi na ujumbe, na ujumbe ndio huu: wageni waligombana njia nzima. Yule mzee anasema walipokelewa na kaka wa bibi harusi. Yule mama anasema hapana, walipokelewa na babu yake. Wanakubaliana jambo moja tu, kwamba baba wa binti hakujitokeza na amewadharau. Watarudi Jumamosi ijayo, na wasipomkuta baba, basi, kila mtu achukue njia yake na mtoto wake.

Ndugu Mhariri, mtazame binti yangu. Tangu Jumatatu anapiga pasi gauni moja, lile lile, analikunjua analipiga tena. Mwanzo nilidhani amenikasirikia, heri ingekuwa hivyo. Jana aliniuliza kwa sauti ndogo kama siku ile kweli nilikuwepo nyumbani. Swali lile limeniuma kuliko mkasi, kwa sababu nilikuwepo, nilikuwepo mzima, wameniona nusu nusu.

Usidhani nimekaa bure. Nimejaribu kulizeesha jicho la kushoto kwa nguvu zangu zote. Nimelikodoa juani tangu asubuhi hadi adhuhuri, nimelikatia vitunguu, nimelala kifudifudi, nimelifikicha kwa mkono wenye mafuta ya mashine. Nikajaribu kuhamishia kioo changu huko ili likunjike kwa kazi. Kioo hakina pa kushika. Kinateleza! Kimeanguka mara tisa, mara ya mwisho ndani ya kikombe cha chai cha mteja, naye aliinywa chai mpaka chini kabla hatujakiona.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mchape kabla ya Jumamosi makala ya kurudisha makunyanzi, yenye viungo vinavyopatikana sokoni. Pili, mchape tangazo kwa herufi kubwa kwamba mzee wa kulia na kijana wa kushoto ni mtu mmoja, ana mke mmoja, na ndiye baba halali wa binti. Tatu, kama hayo yatashindikana, basi dada mwandishi wa urembo aje mwenyewe nyumbani kwangu Jumamosi saa nane mchana, akae kati yangu na wakwe, aeleze alichofanya. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nne, kuanzia sasa kila makala ya aina hii ipelekwe kwanza kwa mafundi saa, wapiga shabaha na watu wote wanaotumia jicho moja kujipatia riziki, waisome na kuipitisha. Na ikiwa gazeti litaona hayo yote ni mazito, nitalazimika kuomba serikali ipige marufuku ujana wa upande mmoja.

Nifikishie salamu kwa dada wa urembo, simchukii. Kwa wapanga kurasa, kwa mlinzi wa getini, kwa mhariri wa michezo ambaye utabiri wake nao umeniponza lakini hilo nitaliandikia barua yake, na kwa wote wanaofungia saa zao kwa gazeti lenu.

Nimeandika kwa mkono wangu, na nimeipitia kwa macho yote mawili,

Fundi Saa,
kibanda cha tatu kutoka posta, dirisha lolote.

N.B. Barua hii ilikuwa haijatumwa. Posta walifunga mapema, nikaiweka kwenye droo, na Jumamosi ikanikuta humo humo. Naona ni haki ujue yaliyotokea.

Nilikuwa na mpango. Nilisogeza kiti changu mpaka kushoto kabisa ukutani, ili mgeni yeyote akae kulia kwangu, anione mtu mzima, yaishe. Mshenga akachelewa tena, safari hii nadhani ni tabia yake. Wageni wakaketi. Mgeni wa kiume akanitazama, akanipa shikamoo mzee. Nikaitikia, nikageuka, nikaona kijana shavu laini, macho maangavu. Damu ikanipanda. Juzi wameniletea babu, leo wameniletea kaka, baba watamleta lini? Nikasahau adabu, nikasimama mbele yake nikauliza baba wa kijana yuko wapi. Naye akasimama, amefura, akauliza baba wa binti yuko wapi.

Tukawa tumetazamana uso kwa uso, kwa mara ya kwanza. Ndugu Mhariri, yule mtu alikuwa wawili kama mimi. Ni dereva wa lori. Miaka ishirini na tisa dirisha lake liko kulia, jua lote la safari linampiga shavu la kulia, na la kushoto limekaa kivulini ndani ya lori likisubiri. Babu wa Jumamosi ile na kaka wa Jumamosi hii ni yeye, na ndiye baba. Nikamuuliza kama naye alisoma ukurasa wenu. Akasema gazeti analifahamu kwa kufutia kioo cha mbele.

Mke wake alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Wangu akamfuata, na katikati ya kicheko akakiri kwamba mayai yote yale aliyakaanga, matango aliyala kwa chumvi, na nilichokuwa nikipakwa siku tisini kilikuwa ni unga wa ngano na maji. Anasema jicho la kushoto halijafufuka wala nini. Ndivyo lilivyo, ndivyo lilivyokuwa siku zote, ila mimi sikuwa na muda wa kujitazama kwenye kioo, wala wa kusikiliza wateja wananiitaje, mpaka gazeti liliponiambia.

Kwa hiyo malalamiko yangu, la kwanza mpaka la tano, nayafuta, na dada wa urembo aniwie radhi. Kuuliza si ujinga, na laiti tungeulizana mlangoni nisingekupotezea wino.

Tumekubaliana ndoa. Binti yangu alikuja akasimama kulia kwangu, akaligusa lile jicho bovu kwa kidole, polepole, akaniambia kuwa siku ya harusi nipigwe picha kwa upande huo, kwa sababu ndio uliomsomesha. Mpiga picha tuliyemwita analalamika kwamba upande huo una mikunjo mingi na utatoa vivuli vibaya. Nimemwambia alete taa.