Nuru ya Nyota Ndani ya Jagi

Jumatatu, 8 Julai 1996
Mkaguzi wa sayansi anakuja Ijumaa. Mwalimu Polikarpo, Mkuu wetu wa Shule, ametangaza kwamba atakayemfurahisha mgeni ndiye atakuwa mkuu wa idara ya sayansi. Nani zaidi yangu? Odilia wa Baiolojia ataonyesha viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi! Ifakara hii, nani hajaviona? Mimi nitaonyesha angahewa ya nyota. Jarida langu la zamani linasema nuru ikigongana na chembechembe za huko, hutoka ikitetema upande mmoja. Wenzetu Ulaya huigiza jambo hilo kwa kompyuta. Mimi, Fulgensi wa Fizikia, nitaliigiza kwa jagi la maji. Tochi ndiyo nyota, maziwa ndiyo angahewa. Nimejipongeza mara mbili.

Jumanne, 9 Julai
Nimepanda baiskeli hadi Michenga kwa Mzee Nkwabi, mfugaji. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akauliza kama nyota yangu bado haijaachishwa kunyonya. Akanipa nusu lita. Nikaimimina yote jagini. Nyota ikapotea kabisa! Kumbe yanatakiwa matone machache tu. Nikarudi Michenga. Mzee akauliza kama wamezaliwa mapacha.

Jumatano, 10 Julai
Tatizo. Nuru ya namna hii haitambuliki kwa macho matupu. Unahitaji utando maalumu wa plastiki, unaopitisha nuru inayotetema upande mmoja tu, na Ifakara nzima hakuna duka lenye utando huo. Lakini mimi si mtu wa kushindwa! Kila kalkuleta ina utando kama huo juu ya kioo chake. Ya Mkuu ilikuwa mezani, ofisi ya walimu, peke yake. Nikaubandua polepole kwa wembe. Kuazima tu, si kuiba. Nikalitazama jagi kwa ubavu kupitia utando huo: mwale wa tochi ukang'aa. Nikauzungusha: mwale ukafifia! Nikapiga kelele hadi Kidato cha Pili wakaja kuchungulia. Nimeumba nyota! Kalkuleta nimeirudisha mahali pake. Tarakimu hazionekani tena, lakini nani atahangaika na hilo?

Alhamisi, 11 Julai
Mkuu amehangaika. Ana maksi za shule nzima za kujumlisha. Amebadilisha betri, ameipuliza, ameianika juani. Odilia akasema labda imeingia unyevu. Nikamuunga mkono kwa nguvu zote. Mara ya kwanza tunakubaliana mwaka huu.

Ijumaa, 12 Julai
Siku yangu! Mkaguzi, Mama Brigitha, alivipita viluwiluwi kwa dakika mbili. Kwenye nyota yangu alikaa nusu saa. Akapiga makofi! Akaniomba utando autumie mwenyewe. Nikampa kwa mikono miwili. Akiwa nao jichoni, akatazama jagi, akatazama dirisha, akamtazama Mkuu aliyekuwa bado anabonyezabonyeza kalkuleta yake. Akamuuliza kwa nini anasema imekufa wakati yeye anaona mia nne na kumi na mbili kiooni.

Mkuu akauchukua utando. Akauweka jichoni, akauondoa, akauweka tena. Kisha akanitazama mimi, bila utando. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Brigitha akasema hajawahi kuona jaribio linalojithibitisha kiasi hicho.

Jumatatu, 15 Julai
Odilia ndiye mkuu wa idara. Nimeumia, sifichi. Nimepewa barua ya onyo inayosema jaribio langu lilikuwa bora, ila nisiguse tena mali ya mtu. Nimepiga mstari chini ya neno bora, nikaibandika ukutani sebuleni. Sehemu iliyobaki nimeikunja kwa nyuma.

Leo Odilia ameleta kipimajoto kipya cha tarakimu, zawadi ya kaka yake wa Dar es Salaam, cha kupimia maji ya viluwiluwi. Kioo chake ni kipana karibu mara tatu ya kile cha kalkuleta. Utando wa ukubwa huo unaweza kuonyesha nyota mbili kwa pamoja! Nimempa hongera ya cheo. Nimemwambia kifaa cha thamani hivyo kisikae ovyo, mimi nitamtunzia kabatini kwangu. Ameshukuru sana, maskini.